Peugeot 504 ndefu zimeenda wapi? Kama unayo uani, soma hii kabla hujaiuza kwa kilo

Juzi nilikuwa nimekaa barazani Shela, hapa Malindi, na ami yangu, tukaanza kuhesabu. Zamani, ami anasema, ukitaka kwenda Mombasa unaamka alfajiri unaenda stendi unazikuta Peugeot 504 zile ndefu zimepanga foleni, abiria wakitimia inaondoka, na hakuna aliyekuwa akizitazama mara mbili maana zilikuwa kila mahali kama tuktuk za leo. Sasa tukasema haya, tuhesabu zilizobaki mjini, zile tunazozijua kwa macho yetu. Tukafika tatu. Moja ni yangu, moja iko juu ya matofali Maweni, na ya tatu ami hana hakika kama bado ipo ama ilishapelekwa kwa watu wa vyuma chakavu.

Tatu tu! Na usiniambie zilikuwa gari mbovu. 504 ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya, hapa Kenya ikaunganishwa miaka na miaka, na Safari Rally ikaichukua 1975 na tena 1978. Kaka yake 404 alishaichukua 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Ile ndefu nyuma ina ekseli nzima na spring nne za koili, saluni haikuwa hivyo, ndiyo maana iliweza kubeba watu safu tatu na magunia juu ya keria na bado ikapita kwenye mashimo bila kukuvunja kiuno.

Watu wengi wanafikiri gari hupotea kwa sababu zilitengenezwa chache. Siyo. Volkswagen Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikatoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na wewe niambie mara ya mwisho uliiona lini ikitembea Malindi. Mimi nimeishi na moja ya hizi gari tangu nikiwa mtoto, nimeiona ikipendwa, nimeiona ikidharauliwa, nimeiona ikikaribia kufa kabisa, na ninavyoona mimi gari huuawa na ile miaka ya katikati. Ile miaka ambayo si mpya tena mtu akajivunia, na bado si ya zamani mtu akaionea fahari, ni kuukuu tu.

Baba aliinunua yetu mkono wa pili, nyeupe, na namba zile za zamani ambazo hazina herufi nyuma. Mpaka miaka ya tisini ilikuwa gari ya heshima. Halafu zikaingia gari za mtumba kutoka Japani na Dubai, zina AC, zina pawa stering, mafuta kidogo, spea kila duka, na bei ya gari zetu ikaanguka vibaya sana. Hapo ndipo hesabu inapogeuka, na naomba uielewe maana ndiyo kiini cha mambo yote haya: gari bado ni ileile, lakini siku klachi ikiisha, bei ya klachi na ya fundi inakaribia bei ya gari yenyewe. Nani atatengeneza? Unaisukuma pembeni unasema nitaitengeneza nikipata pesa. Baba alisema hivyohivyo, akaiegesha chini ya mwembe uani.

Ikakaa pale. Kwanza alikuja jirani kuomba taa moja ya nyuma, akapewa. Halafu akaja mtu wa kabureta. Halafu wa kioo. Sisi huku pwani tunaona haya kumnyima mtu kitu ambacho hukitumii, na kila aliyechukua alikuwa anaokoa gari yake, simlaumu hata mmoja, lakini hivyo ndivyo 504 moja inavyokula nyingine tatu ili iendelee kutembea miaka mitano zaidi, kisha nayo inasimama kwa kukosa ya kula.

Baba akafariki, Mungu amrehemu. Logbuku kwa jina lake. Hapa naomba unisikilize vizuri sababu nimeona gari nyingi zikioza kwa jambo hili kuliko kutu: huwezi kubadilisha jina kienyeji, lazima mirathi ishughulikiwe, na sisi ndugu tuko watano, mmoja yuko Mombasa, mmoja Oman, mmoja anasema iuzwe tugawane, mwingine anasema ni kumbukumbu ya baba isiguswe. Miaka sita imepita hivyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Gari ikawa ya kila mtu, kwa hivyo haikuwa na wa kuiosha.

Siku tulipokubaliana hatimaye nikamleta fundi mmoja mzee, ametengeneza Peugeot maisha yake yote. Akafungua boneti, akazungusha injini kwa mkono, ikazunguka. Akatabasamu. Halafu akachukua bisibisi, akapiga magoti kwenye mchanga, akaisukuma kwenye kile chuma cha chini ya mlango wa nyuma, taratibu kabisa, na bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoivuta ikatoka na unga mwekundu na majani ya mwembe yaliyooza, meusi, yenye maji. Akaniambia, "Mwanangu, injini hii haina neno. Gari hii imeuliwa na majani." Akanionyesha, chini ya mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, majani yakaviziba, maji ya mvua yakawa yanakaa ndani ya chuma kama kwenye mtungi. Nilikuwa nimepita kando ya gari ile kila siku ya Mungu na sikuwahi kuinama.

Na sisi wa Malindi tuna balaa la ziada, chumvi. Upepo unatoka baharini unaibeba, inakaa kwenye chuma, na chumvi inavuta unyevu hewani kwa hivyo hata mwezi usio na mvua chuma chako kimelowa. Ukiwa upande wa Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, usiseme. Angalia Land Rover za zamani, bodi yake ni aluminiamu, utaikuta imekaa vizuri kabisa unasema hii imepona, kumbe chesisi ya chini ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye maji ya chumvi ndipo panapolika haraka zaidi. Niliona moja Mokowe, kule unakoshukia kupanda boti ya Lamu, juu inang'aa, chini chesisi unaimega kwa vidole.

Tena zile zilizofanya kazi ndizo zilizokwisha kwanza. Saluni ya mwalimu iliyokwenda shule na kurudi utaipata bado, lakini pikapu na zile ndefu za abiria zilipigishwa kazi mpaka pumzi ya mwisho, halafu sheria za matatu za 2004 za mikanda na spidi gavana zikaja wakati wenyewe tayari wanaona Nissan inabeba abiria 14. Nani aweke pesa kwenye Peugeot ya watu saba?

Wenzetu ng'ambo nao wamezimaliza, wao kwa pesa ya serikali. Mwaka 2009 Marekani serikali ililipa watu wasalimishe gari zao za zamani wanunue mpya, zikaenda karibu 677,000, na injini haikuruhusiwa kutumika tena, walikuwa wanamwaga oili, wanatia dawa ya sodiamu silikati, wanaiwasha mpaka inaganda. Uingereza nao mwaka huohuo wakatoa pauni 2,000 kwa gari iliyozidi miaka kumi, nusu ya serikali, nusu ya watengenezaji wa gari. Ndani ya zile gari zilikuwamo nzima kabisa. Mimi hilo linaniuma mpaka leo, na wala si gari zangu.

Sasa kama unayo moja, ama marehemu mzee wako ameacha moja, nakuambia niliyoyapitia.

Anza na karatasi, si na spana. Kaeni familia mkubaliane nani anaichukua, awalipe wenzake haki yao, mkamalize mirathi kwa kadhi ama mahakamani, logbuku ibadilishwe. Mimi ningefanya hivi mwaka wa kwanza ningeokoa pesa nyingi sana ya kuchomelea. Na mzee wako akiwa hai, muombe kwa adabu aibadilishe sasa hivi, wazee wengi hawakatai wakiona unaipenda kweli.

Halafu itoe chini ya mti. Itoe kwenye majani na mchanga pia, iweke juu ya sakafu ama mawe, penye kivuli na upepo unapita. Usiifunike turubai la plastiki ukadhani umeihifadhi, turubai linafungia joto na unyevu ndani na gari inaoza kimyakimya. Osha chini kwa maji baridi, maji matamu nasema, si ya kisima chenye chumvi kama vya kwetu karibu na bahari, kisha uzibue vile vitundu vya milango kwa waya. Ni kazi ya dakika kumi.

Iwashe na uitembeze. Kuwasha tu ikiwa imesimama haisaidii sana, lazima breki zifanye kazi, giaboksi ipate moto, mpira wa sili upate oili. Mimi natoka nayo kila Ijumaa mpaka daraja la Sabaki na kurudi.

Kuhusu spea, injini isikusumbue. Pistoni, gasket, pampu ya maji, vitu hivyo mafundi wanajua kupata ama kuchonga. Kinachomaliza gari ni vitu vidogo ambavyo hakuna anayevichonga, lenzi ya taa ya nyuma, raba za milango, mshikio wa kioo, ile chrome ya pembeni. Raba ya mlango ikipasuka maji yanaingia, sakafu inaoza, umekwisha, na yote ni raba! Kwa hivyo ukiiona gari ya aina yako inakatwakatwa kimbia kachukue hivyo vidogo kwanza, injini waachie wengine. Na yako ukiombwa kitu, sema hapana kwa upole. Mimi sasa nasema.

Wengine wananiuliza kuhusu kutia injini ya Toyota. Wapo wanaokasirika wakisikia, mimi sikasiriki, gari inayotembea na injini ya mwingine ni bora kuliko iliyokaa juu ya matofali na injini yake. Lakini ile ya asili ipake grisi, ifunge vizuri, iweke ndani, usiiuze kwa kilo, utaitaka.

Na kama unataka kununua, nenda na bisibisi na tochi, usidanganywe na rangi. Rangi mpya juu ya fila, ile ya kuzibia mashimo ya bodi, hapa kwetu haimalizi misimu miwili ya mvua. Lala chini uangalie chesisi na kule spring zinapokaa, inua mikeka ya sakafuni, gonga usikilize. Injini iliyokufa lakini bodi nzima, chukua. Injini tamu na bodi imekwenda, hiyo ni spea.

Ile ya Maweni niliyoisema mwanzo, nimeshaongea na mwenyewe mara mbili. Ameshapewa bei ya kilo na watu wa skrapu na wanasubiri jibu lake. Nimemuomba asiwajibu kwanza. Ijumaa baada ya swala naenda na yule fundi mzee na jeki, tuiinue tuangalie chini.