Uliza Fundi: Mkato umenilia kilo za watu

SWALI: Ugonile fundi. Mimi nipo Tukuyu, tunakusanya parachichi za wakulima, na mawakala wetu wa vijijini kila jioni wanatuma meseji yenye jina, kijiji, kreti na kilo, vimetenganishwa na mkato. Nimeandika kaprogramu ka Python kanakata meseji kwenye mkato alafu kanajumlisha kilo. Wiki mbili kalienda freshi, sasa kuna mama kaandikiwa kilo 7 wakati kaleta kreti 7 kilo 140, na meseji yake nikiisoma naiona iko sawa kabisa. Nikasikia laibrari ya Python iitwayo shlex inaelewa alama za fungua semi na funga semi nikaiweka, ndo ikagoma jumla, inalalamika eti alama ya kufunga haipo. Nisaidie kaka, Jumamosi watu wanataka hela yao.

JIBU: Ugonile mdogo wangu. Bora umenitumia na meseji yenyewe, maana bila hiyo ningekuwa napiga ramli. Jina nimebadilisha ila mengine yako ivoivo:

Atu, Kiwira, karibu na josho la ng'ombe, 7, 140

Sasa hesabu mikato na kidole. Wewe ulitegemea vipande vinne, hapa vipo vitano, kwa sababu wakala wako kaelekeza nyumba kama tunavyoelekezana huku kwetu siku zote, mtu hasemi Kiwira akaishia hapo. Programu haijui josho ni nini, imeambiwa kilo ni kipande cha nne, ikachukua cha nne ikakuta 7. Wala haikukosea, imekata palepale ulipoiambia ikate. Na ubaya wa kosa la hivi ni kwamba halipigi kelele, 7 ni namba halali kabisa, ingekuwa imekutana na neno "josho" mahali pa kilo ingegoma siku ileile na ungejua.

shlex nayo imekufa kwa ng'ombe. Sikutanii. Ile ilitengenezwa kukata komandi za Unix, na kule alama moja ya juu (') inafungua semi, kwaiyo ikifika kwenye ng' inaona mtu kafungua maneno, inamsubiri afunge, meseji inaisha hajafunga. Waliotengeneza hawakuwa na ng'ombe kichwani. Kwa sisi wenye ng'ombe, ng'ambo na ving'ora hiyo laibrari siyo ya meseji, iache na kazi yake. Moduli ya csv iliyopo ndani ya Python yenyewe, ya kusoma maandishi yaliyotenganishwa na mkato, inaangalia alama mbili za juu ("), kwaiyo ng'ombe anapita salama, na ule utaratibu wa kufunga kipande chenye mkato ndani ya alama mbili umeandikwa kabisa kwenye RFC 4180, waraka wa mwaka 2005 unaoeleza mafaili ya CSV. Ila nani atamfundisha wakala aliyepo shambani na kitochi aweke alama mbili kila akiandika josho? Hamna.

Fanya hivi kwa Jumamosi. Angalia umbo la meseji: jina lipo mwanzo, namba mbili zipo mwisho, fujo yote ipo katikati. Basi kata kuanzia kulia, rsplit(",", 2), itakata mikato miwili ya mwisho tu na kukuachia vipande vitatu, cha kushoto kikiwa "Atu, Kiwira, karibu na josho la ng'ombe" kizimakizima. Hicho nacho kikate mara moja tu kutoka kushoto, split(",", 1), unapata jina na mahali. Alafu kila kipande pitisha strip(), inayofuta spesi za pembeni, maana namba haina shida, int inayogeuza maandishi kuwa namba inakubali " 7" yenye spesi mbele, ila " Kiwira" na "Kiwira" kwa mashine ni vijiji viwili na ripoti yako itakuwa na Kiwira mbili.

Na kreti au kilo ikiwa tupu au siyo namba, hiyo meseji iweke pembeni umpigie wakala. Usiweke sifuri. Tupu maana yake hajaandika, sifuri maana yake hajaleta kitu, na mkulima akiona sifuri atakuja ofisini na ukoo wote.

Msimu ujao badilisha alama yenyewe. Mawakala wako hao hao wanapiga *150*00# kila siku kutuma hela, nyota imeshazoeleka kuwa ndiyo inayotenganisha. Kwenye kitochi ukiwa unaandika meseji ukibonyeza nyota inakuletea kapu la alama, unachagua, ni mbonyezo mmoja wa ziada, na sijaona mtu anayeelekeza nyumba yake kwa nyota. Jumamosi walipe watu kwa meseji ulizozikagua upya, za wiki zote mbili, siyo ya huyo mama peke yake.

SWALI: Kamwene fundi, nipo chuo Iringa, nafanya mradi wa mbao za Mafinga. Mstari wangu ni mbao|2x4|60, nikikata kwa Java kwenye ule mstari wa kusimama zinatoka herufi mojamoja, m, b, a, o. Mwalimu kasema laptopu yangu mbovu.

JIBU: Laptopu yako nzima. split ya Java haipokei alama ya kawaida, inapokea regeksi, yaani kalugha kafupi ka kuelezea umbo la maandishi, na kwenye regeksi ule mstari maana yake ni "au". Umemwambia kata kwenye utupu au utupu, na utupu upo kati ya kila herufi. Andika "\\|" au pitisha kwenye Pattern.quote. Nukta nayo ina tabia hiyohiyo, ukikata "a.b" kwa nukta tupu hupati kitu, unarudishiwa safu isiyo na hata kipande kimoja. Na ukiwa hapohapo, Java inavitupilia mbali vipande vitupu vya mwisho bila kukuambia, "a,b,," inarudi na vipande viwili. Ukivitaka vyote ongeza -1 baada ya alama. Mwalimu msalimie.

SWALI: Fundi, nimeandika kalaibrari kangu ka JavaScript ka kukata maneno, mistari 60 hivi, marafiki hapa Mwanjelwa wanasema ni upuuzi maana lugha inayo split yake. Nikaweke mtandaoni au niache?

JIBU: Weka, dada. Udogo siyo kasoro, Machi 2016 laibrari ya mistari 11 iitwayo left-pad, kazi yake kujazia nafasi kushoto mwa neno basi, mwenyewe aliiondoa npm, ghala la mtandaoni la laibrari za JavaScript, na miradi mingi duniani ikagoma kujijenga siku hiyo. Ila kabla hujaweka amua na uandike wazi unafanya nini na utupu. Python yenyewe ina majibu mawili: "".split(",") inakupa kipande kimoja kitupu, "".split() haikupi hata kimoja, na yote mawili yana sababu. strtok, mkataji wa lugha ya C, inaruka vipande vitupu kabisa, ndo maana data yenye pengo katikati inasogea. Kikomo nacho ni mtego, ukiiambia JavaScript ikate "a,b,c" kwa kikomo 2 inakupa a na b, c inatupwa, Java kwa 2 hiyohiyo inakupa a na "b,c", Python ikiambiwa 2 inahesabu mara za kukata siyo vipande kwaiyo unapata vitatu. Mtu aliyetoka Java atakuja kwako na mazoea yake. Na kwenye majaribio yako muweke ng'ombe.

SWALI: Namba za simu nikifungua faili la CSV kwenye Excel sifuri ya mbele inapotea, nikate vipi?

JIBU: Hukukata vibaya, Excel imedhani ni hesabu. Usilifungue kwa kubonyeza mara mbili, liingize kupitia menyu ya Data na ile safu uiambie ni maandishi. Kama ulishalisevu baada ya kufungua basi sifuri haipo tena hata kwenye faili, rudi kwenye meseji za mwanzo, naomba Mungu uwe hujazifuta.