Wadogo zangu wa dawati la kimataifa, pesa ya Hollywood haisomwi hivyo

Juzi dogo mmoja kaniletea stori ya kumbukumbu za uchaguzi wa Marekani, kichwa chake "Clooney ampa Biden dola milioni 30", yaani George Clooney, yule mwigizaji wa filamu. Nikaisoma mara mbili. Sikumgombeza maana anajituma, anakuja mapema kuliko wote, ila hilo kosa naliona kila msimu wa uchaguzi wa kule, majina tu ndo yanabadilika, na mimi mwenyewe lilinichoma vibaya sana. Kwa hiyo nayaandika hapa, someni kabla hamjagusa tena stori ya wagombea na wasanii.

1. Msanii anavuta watu, hatoi yeye hizo milioni. Hafla ya kumchangia Biden aliyoisema dogo ilifanyika Los Angeles tarehe 15 Juni 2024, kampeni ilitangaza imepata zaidi ya dola milioni 30, lakini pesa ilitoka kwa watu walionunua nafasi ukumbini na wengine waliochangia mtandaoni. Msimu ule mtu mmoja alikuwa haruhusiwi kumpa mgombea wa urais zaidi ya dola 3,300 kwa uchaguzi mmoja, kura za mchujo zinahesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake, kinachozidi hapo kinaingia kwenye kapu la pamoja linalogawiwa chama cha taifa na vyama vya majimbo. Najua mnakosea kwa sababu gani. Sisi tumezoea kuona msanii ndo analipwa apande jukwaani kwenye kampeni, mgombea anatoa msanii anapokea, kule pesa inakwenda upande wa pili. Na kuna kitu hapo hakuna aliyewahi kuniuliza: msanii akiimba kwa kujitolea, sheria yao haihesabu kazi yake kama mchango. Show ambayo promota angeilipia hela ndefu, kwenye hesabu za mgombea haionekani kabisa! Stori ilikuwa hapo jamani.

2. "Kampuni imempa mgombea." Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2012, Obama na Romney wanachuana, niliandika kwamba studio moja kubwa ya filamu imemmwagia Obama pesa. Nilikuwa na jedwali zuri kutoka OpenSecrets, tovuti ya kule inayofuatilia pesa za siasa, limepangwa jina la kampuni huku na kiasi kule, dedilaini saa kumi na moja, mhariri anasubiri, nikachukua ile namba nikaipandisha kwenye lidi, ile aya ya kwanza, nikamalizia na maneno makali kuhusu rais aliyenunuliwa na matajiri wa sinema. Chini ya lile jedwali kulikuwa na maandishi madogo. Niliyaona. Sikuyasoma. Yanasema kampuni yenyewe haikutoa chochote, kwamba hiyo ni jumla ya kamati yake ya kisiasa, wale wanaziita PAC, pamoja na michango ya wamiliki, wafanyakazi na familia zao. Na ni lazima iwe hivyo maana sheria ya shirikisho inakataza kampuni kumpa mgombea pesa moja kwa moja, tena ni katazo la tangu 1907, wala si jambo jipya la kujificha nyuma yake.

Stori ikatoka, ikasambaa, nikapongezwa. Siku ya tatu nikapata meseji ndefu ya Kiswahili kutoka Los Angeles. Mtu wa Tanga, fundi seremala, anajenga zile nyumba za kuigizia kwenye studio ileile niliyoitaja, ana greencard, kibali cha kuishi kule moja kwa moja, kwa hiyo anaruhusiwa kuchangia. Aliniambia yeye alimchangia Obama dola 250, na kwa kuwa ukichangia zaidi ya dola 200 jina lako na mwajiri wako vinaorodheshwa Tume ya Uchaguzi kule, FEC, basi yake imo ndani ya namba yangu. Alichangia kwa sababu ya sheria ya bima ya afya ya Obama, mwanae ana ugonjwa ambao kabla ya hapo kampuni za bima zilikuwa zinaukwepa. Akaandika, "Kaka, mimi nimekata kwenye hela ya kodi ya nyumba, wewe umeniandika kama bosi anayenunua rais."

Wiki mbili sikumjibu. Nilikuwa naifungua ile meseji usiku naifunga, nikijiambia ni mtu mmoja tu, namba yenyewe si ipo, kosa la maneno tu hilo. Halikuwa la maneno. Nilikuwa nimewachukua mafundi, wapishi, madereva na wakurugenzi nikawafanya mtu mmoja mwenye nia moja, halafu nikamtukana mgombea kwa nia ambayo sikuwa nimeithibitisha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nataka kuandika unafiki wa wanasiasa na unafiki upo, upo kweli kabisa, ila nilipokosea pale nikampa kila mpambe sababu ya kusema hawa waandishi hawajui kitu. Mwisho nikampigia mhariri tukatoa masahihisho, mistari minne ukurasa wa ndani, nikamtumia yule kaka picha ya masahihisho hayo na kumuomba radhi. Alinijibu neno moja, "Imefika."

Soma maandishi madogo.

3. Unafiki una tarehe. Ukitaka kuonyesha mgombea anasema hivi na kupokea kule, weka maneno yake na pesa yake kwenye kalenda moja. Mfano ninaowafundishia siku zote ni Septemba 2000. Jumatatu tarehe 11 Tume ya Biashara ya kule, FTC, inatoa ripoti ambayo Rais Clinton aliiagiza baada ya mauaji ya shule ya Columbine: kati ya filamu 44 za ukatili zilizowekewa alama ya R (yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima), 35 zilitangazwa kwa watoto walio chini ya miaka 17, na albamu 55 za muziki zenye onyo la lugha chafu, zote 55 vivyo hivyo. Gore, makamu wa rais na mgombea urais wa Democrats, anaipa tasnia ya burudani miezi 6 ijirekebishe la sivyo serikali itaingilia. Jumatano mgombea mwenza wake Lieberman yuko mbele ya kamati ya Seneti anazungumza kwa uchungu wa mzazi. Alhamisi tarehe 14, wote wawili wako ukumbi wa Radio City New York kwenye tamasha la wasanii la kuchangia chama chao, zaidi ya dola milioni 6 usiku mmoja, na mmoja wa waandaaji ni Harvey Weinstein, mtayarishaji mkubwa wa filamu. Jumatatu inayofuata wako Beverly Hills wanakusanya nyingine, na Lieberman anawaambia wenye tasnia kwamba watawasukuma kidogo ila hawatakuwa wadhibiti wao. Wiki moja tu! Hapo huhitaji kivumishi hata kimoja, mzazi aliyeogopa Jumatatu anajua mwenyewe alichofanyiwa Alhamisi.

Na angalia, pesa za usiku ule zilikwenda chamani, wakati huo ilikuwa ruhusa kampuni na matajiri kukipa chama bila kikomo, sheria ya McCain na Feingold ya 2002 ndo ikaja kuifunga hiyo njia. Usichanganye chama na mgombea.

4. Geuza upande wa pili pia. Mlivyo na haraka mtaishia kwa Democrats kwa sababu Hollywood ni yao. Bush wa Republican, aliyekuwa anashindana na Gore, alikaa miaka kama kumi, mpaka 1993, kwenye bodi ya Silver Screen, kampuni ya kutafutia filamu wawekezaji, na baadhi ya filamu hizo zilikuwa za damu tupu. Seneta Dole, aliyekuwa anautaka urais, mwaka 1995 alikwenda Los Angeles kuilaani Hollywood kwa ukatili, halafu kwenye zile alizozisifu kama za familia ikawemo ya Schwarzenegger, Republican mwenzake, yenye maiti kila kona.

5. Pesa ikirudishwa, uliza imerudi kwa nani. Oktoba 2017 habari za Weinstein kutuhumiwa kudhalilisha wanawake kingono zilipotoka, wanasiasa walikimbilia kutangaza wanatoa sadaka michango yake. Chama cha Democrats kikatoa zaidi ya dola 30,000 kwa vikundi vinavyosaidia wanawake kugombea, wapinzani wakalalamika kwamba hiyo pesa bado imo siasani, na mimi nilikubaliana nao.

6. Mlezi wa hafla, mtumbuizaji na mchangiaji ni watu watatu tofauti hata kama jina ni moja.

Dogo, stori yako ya Clooney iko mezani kwangu nimeichora kwa kalamu nyekundu. Lidi ibadilishe. Tarehe 10 Julai, siku 25 baada ya hafla, huyohuyo Clooney aliandika kwenye New York Times akimtaka Biden asigombee, na wewe umeiweka aya ya tisa. Ipandishe juu, uniletee kabla ya saa kumi.