Jiko la mbao la kisasa: milango bapa isiyo na vishikio, uanzie wapi

Mleta uzi ana ukuta wa mita 4.2 na familia ya watu watano. Anataka makabati ya mbao yenye milango bapa isiyo na vishikio. Fundi kamletea mchoro wa milango peke yake, naye anauliza achague mbao gani.

Aina ya mbao iweke kando kwanza, tatizo liko kwenye huo ubapa. Mbao hata ikikauka vizuri inaendelea kucheza: inanyonya unyevu wa hewa na kutanuka kwa upana, huku urefu ukibaki karibu vilevile. Ubao wa upana wa milimita 600, unyevu wake ukipanda kwa asilimia 4, unaweza kutanuka milimita 4 hadi 8 kutegemea mti na namna ulivyopasuliwa. Mwanya kati ya mlango na mlango kwenye jiko la namna hii ni milimita 3. Piga hesabu mwenyewe. Milango ya fremu na paneli huhimili mchezo huo kwa sababu paneli inakaa ndani ya mfereji bila gundi. Mlango bapa wa mbao nzima, yaani ubao mtupu usio wa kubandikwa, hauna nafasi hiyo: utagusana na jirani yake au utapinda.

Kwa hiyo milango iwe ya plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18, iliyobandikwa vinia, yaani karatasi nyembamba ya mbao halisi, pande zote mbili. Fundi akibandika upande wa mbele tu ili kubana matumizi, mlango utajikunja. Kuna watakaokwambia hiyo siyo mbao. Waache. Mbao nzima itumie kwenye kingo za milango, rafu za wazi na masanduku ya droo. Vinia ya nyuso za mbele za droo zinazopangana ikatwe kwenye karatasi moja na kila kipande kiandikwe namba kwa nyuma kabla ya msumeno, ili mistari ya mbao ishuke bila kukatika.

Sasa ukuta wako. Kutoka kushoto: friji 650, droo 900, jiko na oveni 600, droo 450, sinki 900, mashine ya kuoshea vyombo 600. Jumla ni milimita 4,100. Zile 100 zinazobaki usizigawe kwenye makabati. Weka kipande cha kuzibia cha milimita 50 kila mwisho. Kuta hazinyooki, na kipande hicho ndicho kitakachokatwa palepale kufuata ukuta. Pia kinaupa mlango wa pembeni nafasi ya kufunguka bila kukwaruza vigae. Droo ya 900 imekaa kati ya friji na jiko makusudi, upate pa kutua chungu cha moto. Upana wa friji hakikisha kwenye maelekezo ya friji yenyewe, pamoja na nafasi ya hewa. Friji nyingine hazienei kwenye 650.

Urefu wa kwenda juu: miguu ya chini 150, boksi (mwili wa kabati) 720, kaunta 30, inafika 900. Lakini mpime anayepika zaidi. Kaunta ikae sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chake.

Kutokuwa na vishikio kunakula nafasi. Juu ya droo ya kwanza acha ufa wa milimita 30 hivi wa kupitisha vidole, na mbavu za boksi zikatwe pembe hapo mbele ili profaili ya alumini, yaani kipande kirefu chenye mfereji wa vidole, ikae. Hili haliongezwi baada ya boksi kufungwa. Na reli za ubavuni, ambazo droo hutelezea, zinahitaji takriban milimita 13 kila upande, maana yake droo iwe nyembamba kuliko uwazi wa boksi kwa 26.

Kama kaunta nayo ni ya mbao, isifungwe kwa skrubu kwenye matundu ya duara. Matundu yawe marefu kuelekea upana wa ubao, la sivyo itapasuka katikati. Ipake mafuta au vanishi juu, chini na hasa ndani ya tundu la sinki, kabla sinki haijawekwa. Chini ya ukingo wa mbele chimba mfereji mdogo wa kudondoshea maji. Juu ya mashine ya vyombo bandika ukanda wa alumini chini ya kaunta, kwa sababu mvuke hutoka hapo kila mlango unapofunguliwa.

Ukishafika hapo ndipo uchague mti. Kwa mbao nzima, pima unyevu kwa kipimo: asilimia 8 hadi 12 inafaa nyumba nyingi. Mtiki ni mzuri karibu na maji, ila una mafuta yake. Sehemu ya kuunganisha ifutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya gundi.

Vipimo vya mwisho vichukuliwe plasta na vigae vikishakamilika. Na kabla ya hapo mwombe fundi mchoro wa mkato (kama boksi limepasuliwa na kutazamwa kwa ubavu) wa boksi moja la droo, kuanzia sakafuni hadi juu ya kaunta, kila unene umeandikwa. Akishindwa kuonyesha vidole vinapita wapi, asianze kukata.