Njiwa wa kurudi nyumbani: anza na makinda

Mkuu, umesema ulinunua njiwa wakubwa Arusha, ukawafungia wiki mbili hapo Pasua, Moshi, ulipowafungulia wakapotea. Hawajapotea hao. Mpigie aliyekuuzia apande kuangalia juu ya banda lake. Kilomita 80 kwa njiwa mzoefu ni saa moja na ushee tu.

Njiwa anarudi alikokulia. Mkubwa wa kununua mfanye mbegu: abaki ndani, atage, aatamie siku zake kama 18, wewe ukuze makinda. Kinda likifika wiki sita hivi na mbawa zimekomaa, liache kwanza lizunguke juu ya paa lako mpaka lizoee mji.

Mimi nafuga hapa Njoro, Moshi hii hii. Kila nikiwalisha natikisa mtama kwenye kopo la maziwa, na siku hizi nikiligusa tu wanagombania kuingia. Mlangoni nimening'iniza vijiti vya waya: njiwa anavisukuma kwenda ndani, kutoka vinamgomea.

Siku ya kuwapeleka mbali ili wajifunze kurudi, usiwape chakula asubuhi, maji tu. Aliyeshiba anatua kwenye paa la watu na kuota jua. Anza kilomita moja, kisha tatu, kisha tano, wote pamoja, na usisogee mbele mpaka wanarudi moja kwa moja. Mimi nilishika barabara ya Arusha: boda anabeba tenga mpaka Boma Ng'ombe, baadaye njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, ndipo Usa River. Upande wa Kibosho sipeleki, migomba na miti mirefu ni maficho ya vipanga. Kuna wanaodai Mlima Kilimanjaro ndio unawaelekeza. Labda, ila mlima wenyewe muda mwingi umejifunika! Alama za ardhini wanazitumia kweli, lakini pia jua ni dira yao, na likifichwa na mawingu wana usumaku wa dunia. Hata hivyo masika mimi siwatoi kabisa, mvua inawalowesha na kuwashusha njiani.

Kuhusu swali lako la kutuma barua kwenda na kurudi, hapana, ni upande mmoja. Hata Reuter, mwanzilishi wa shirika la habari la Reuters, aliyepitisha habari za masoko ya hisa kwa njiwa kati ya Brussels na Aachen mwaka 1850, ilibidi njiwa wasafirishwe kwanza mpaka pa kurushiwa. Kwa hiyo ukitaka barua itoke Arusha ije kwako, panga kabisa na nauli ya tenga.