Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO inadai nini hasa?
Swali lako, kama nchi zote za NATO (umoja wa kujihami wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini) hulazimika kuingia vitani mara tu mwenzao anaposhambuliwa, linajibiwa na mkataba wenyewe, uliotiwa saini Washington tarehe 4 Aprili 1949 na nchi 12 zilizohofia nguvu za Umoja wa Kisovyeti barani Ulaya. Ibara ya 5 inasema kwamba shambulio la silaha dhidi ya mmoja litahesabiwa kuwa ni dhidi ya wote, lakini inaiachia kila nchi iamue hatua inazoziona kuwa za lazima, zikiwemo za kijeshi; kwa hiyo kusaidia ni wajibu, ila namna ya kusaidia haikupangwa. Tena ibara ya 6 inaweka mipaka ya eneo linalolindwa, hasa Ulaya na Amerika Kaskazini, na ndiyo maana ahadi hiyo haikuvihusu visiwa vya Falkland, mali ya Uingereza kusini mwa Atlantiki, vilipovamiwa na Argentina mwaka 1982. Ibara ya 5 imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani.

Baraza la NATO, lenye makao Brussels, halipigi kura: wanachama, ambao sasa ni 32, hushauriana mpaka wote wakubaliane. Wengi huuita utaratibu huu udhaifu, lakini kwa maoni yangu ndio unaoziwezesha nchi ndogo kama Estonia na Luxembourg kukaa meza moja na Marekani bila woga, kwa kuwa hakuna mwanachama anayepelekwa vitani kwa kura za wenzake.