Kirsch, maraschino, cherry brandy: soma jina kabla hujalowesha keki

Anayeoka keki za black forest (za chokoleti, krimu na cheri) za oda Kigoma mjini kwa maelekezo ya Kiingereza hukwama kwenye mstari mmoja: "3 tablespoons kirsch". Cheri haioti huku, maana mti wake unataka miezi ya baridi kali ndipo uchanue, kwa hiyo hakuna jina la kienyeji la kukuokoa. Mtu anakwenda dukani kuulizia pombe ya cheri, anarudi na chupa yoyote yenye picha ya tunda jekundu, halafu anashangaa keki imekuwa tamu ya kukinaisha na krimu imegeuka waridi.

Tunda ni moja, lakini Kiingereza kina majina matatu ya chupa zake, na kila jina ni kinywaji kingine.

"Kirsch" ni ufupisho wa Kirschwasser, neno la Kijerumani: Kirsche ni cheri, Wasser ni maji. Hayo maji yasikudanganye. Cheri huchachushwa, kisha hupikwa na mvuke wake kukingwa, kama inavyopatikana gongo. Kinachotoka ni cheupe pe, hakina utamu, nguvu yake ni kama asilimia 40. Kwa haki kabisa hiyo si "liqueur", kwa kuwa liqueur lazima iwe na sukari. Sheria za Umoja wa Ulaya kwa kawaida zinataka angalau gramu 100 kwa lita. Mapishi mengine huiita "cherry liqueur" hivyohivyo, na hapo ndipo balaa huanzia. Katika sentensi za Kiingereza huandikwa kwa herufi ndogo na haihesabiwi: "a little kirsch", "two tablespoons of kirsch". Ukisikia "a kirsch", mtu anaagiza glasi.

"Cherry brandy" ndiyo inayopotosha zaidi. Brandi tuijuayo hutokana na zabibu, lakini chupa yenye maneno haya mawili kwa kawaida ni liqueur: nyekundu iliyoiva, tamu, nzito kidogo mdomoni. Jina limezoeleka kiasi kwamba sheria hizohizo za Ulaya zimeliruhusu liendelee. Tusiwacheke Wazungu, sisi wenyewe neno konyagi limetokana na Cognac, brandi ya Ufaransa, na chupa tunayoiita hivyo ni nyeupe na ladha yake iko karibu na ile pombe iitwayo jini (gin).

"Maraschino" ni Kiitaliano, kutokana na marasca, cheri ndogo chungu ya pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo. Waitaliano hutamka maraskino. Wazungumzaji wengi wa Kiingereza husema marashino. Kinywaji chenyewe ni cheupe, kitamu, na kina harufu inayokaribia lozi, inayotoka kwenye kokwa. Lakini jina hilohilo limebandikwa pia kwenye zile cheri nyekundu za chupa tunazopamba nazo keki. Nyingi kati ya hizo hazijaonja pombe: tunda limepaushwa rangi, likalowekwa kwenye shira, likatiwa rangi na arki. Nyingi, si zote. Soma orodha ya viungo. Ukiona "alcohol" au alama ya "% vol", hiyo si ya mteja asiyetumia kilevi.

Sasa kipimo. Kwa keki ya sentimita 23 yenye tabaka tatu, chemsha maji mililita 120 na sukari gramu 100 hadi sukari iyeyuke tu. Epua, ngoja shira ipoe kabisa, ndipo utie kirsch mililita 45, yaani vile vijiko vitatu vya chakula. Ukiitia shira ikiwa ya moto, harufu inapaa na mvuke, unabaki na utamu mtupu. Kila tabaka linatosha vijiko vya chakula vinne hadi vitano vya shira. Ukizidisha, tabaka la chini linashindwa kubeba yaliyo juu, na keki inakaa upande kabla haijafika ukumbini.

Ukikosa kirsch ukapata cherry brandy, teremsha sukari ya shira hadi gramu 40 na ukubali wekundu kidogo. Kwa maraschino, gramu 50 zinatosha. Kwenye krimu usizidishe kijiko kimoja cha chakula kwa mililita 250, na kiingie mwishoni, krimu ikishaanza kusimama. Majimaji mengi mapema huifanya igome kushika.

Kwa oda ya Ujiji, au popote ambapo mwenye shughuli hataki pombe, tumia shira ya chupa ya cheri uliyokwisha kuisoma viungo, ongeza maji ya ndimu kijiko cha chai na arki ya lozi isiyo na pombe matone mawili. Matatu ni mwisho. Zaidi ya hapo keki inanukia sabuni. Arki nyingi zimeyeyushwa kwenye pombe, kwa hiyo nayo igeuze uisome nyuma.

Na ile kauli kwamba pombe yote huruka jikoni, msiwaambie wateja. Shira haiingii ovenini kabisa, kwa hiyo karibu yote iko palepale. Hata ikiokwa, jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kuwa mchanganyiko uliokaa motoni dakika 30 hubaki na asilimia 35 ya pombe yake, na wa saa nzima asilimia 25. Andika juu ya boksi "ina kirsch", na chini yake kwa Kiswahili "ina pombe", kwa sababu anayepokea keki mlangoni mara nyingi siye aliyeiagiza.