Klachi ikianza kuteleza, tafuta sababu kabla ya kununua pleti

Pikapu yangu ni Hilux ya 1994, dizeli, injini ya 2L yenye cc 2,446. Siku klachi iliponiishia nilikuwa napanda mlima Kitonga na magunia tisa ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, nikielekea Iringa. Mbele yangu semitrela linajikongoja, nami niko gia ya tatu. Njia ikafunguka kidogo, nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kama iko nyutro, mshale wa spidi haukusogea. Utingo akashusha kioo, akavuta pumzi mara mbili: "Bosi, kuna kitu kinaungua. Breki hizo?"

Mlimani unapanda, breki hujazigusa, zitaunguaje? Ilikuwa klachi. Harufu yake ni kavu na kali, inakaa kooni, na ukishaijua huisahau. Tulisogea pembeni, utingo akaweka jiwe nyuma ya tairi, tukasubiri karibu saa nzima ipoe. Kisha nikapanda kwa gia ya kwanza, mafuta kidogo kidogo, mguu mbali kabisa na pedeli ya klachi, mpaka juu. Yakikukuta, fanya hivyo hivyo. Ukilazimisha kwa kuongeza mafuta unamalizia pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, na kuunguza flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti inabanwa nalo.

Fundi niliyempelekea alishusha giaboksi, akabadilisha pleti peke yake, jioni nikaondoka na gari. Wiki tatu baadaye ikateleza tena. Safari hiyo nilikaa chini ya gari pamoja na fundi mwingine tangu boliti ya kwanza, na tukakuta pleti mpya imelowa oili: sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapotokea, ilikuwa inavujisha tangu zamani. Nililipia kushusha giaboksi mara mbili kwa sababu ya mpira mmoja wa bei ndogo. Ndiyo maana nawasihi wenye pikapu za zamani wajue kwanza kwa nini klachi inateleza.

Utelezi huanzia kwenye gia kubwa na mzigo mzito. Mjini, gari tupu, huenda usihisi lolote. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, nenda kama kilomita 50 kwa saa ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mlio wa injini ukipanda ghafla na gari likabaki na mwendo ule ule, inateleza. Kipimo kingine ni cha kusimama: weka mawe kwenye matairi, hakikisha mbele yako hakuna mtu wala kitu, vuta hendibreki, tia gia ya tatu, achia klachi huku ukiongeza mafuta kidogo. Klachi nzima itazima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuunguruma, jibu umelipata. Fanya mara moja tu, maana kipimo chenyewe kinaichoma.

Sasa kabla ya kuihukumu pleti, ingia chini ya dashibodi. Bonyeza pedeli kwa kidole: lazima kuwe na uchezaji mwepesi wa kama sentimita moja kabla haijakaza. Kama haupo, huenda fimbo ya klachi masta (pampu ndogo inayosukumwa na pedeli) imerefushwa kupita kiasi, mafuta ya klachi hayarudi kwenye kikopo, na presha iliyobaki inaisukuma klachi muda wote kama vile umeweka mguu. Hozi ya zamani, mpira unaopitisha mafuta hayo, ikivimba kwa ndani huleta shida hiyo hiyo. Nenda kwenye slevu, pampu ndogo ya pembeni mwa giaboksi inayopokea presha ya masta, isukume fimbo yake irudi ndani kwa mkono. Ikigoma, fungua nipo ya kutolea upepo. Mafuta ya klachi yakiruka na fimbo ikalegea, kosa liko kwenye masta au hozi, na pleti yako huenda bado ina maisha.

Chungulia pia chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na giaboksi. Ukiona oili inadondoka hapo, inuse na uitazame. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii, na inaelekeza kwenye sili ya krenki. Oili ya gia ni nzito na ina harufu ya kiberiti. Hiyo inatoka kwenye sili ya mbele ya giaboksi.

Ikibidi kushusha, nunua seti kamili: pleti, presha pleti (inayoibana pleti kwenye flaiwili), beringi ya klachi na ile beringi ndogo ya mwisho wa krenki, pamoja na sili zote mbili. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na hiyo hutaki kuirudia. Mimi spea nazifuata Gerezani, Kariakoo, na siendi bila pleti ya zamani mkononi. Linganisha kipenyo na uhesabu meno ya katikati, kwa sababu Hilux za umri mmoja hutofautiana.

Kwenye kushusha sitasema mengi, fundi anajua: toa waya wa betri, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), stata, waya wa spidi na gia leva. Weka alama ya chaki kwenye flenji ya propela kabla ya kufungua, irudi ilivyokuwa. Slevu ifungue boliti zake tu, uifunge pembeni kwa waya bila kuichomoa hozi. Lakini vumbi la pleti usilipulize kwa kompresa. Lini, yaani tabaka la msuguano juu ya pleti, za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji, na watoto wasikae karibu.

Pleti yangu ya kwanza ilikuwa imeliwa mpaka vichwa vya ribiti, misumari inayoshikilia lini, vinakwaruza chuma. Kiwango cha Toyota ni kwamba ribiti ziwe zimezama angalau milimita 0.3. Flaiwili nayo ilikuwa na madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama unywele, na ikaachwa hivyo. Safari ya pili tuliipeleka kwa fundi wa lesi, mashine ya kuchonga chuma, ikasawazishwa.

Kwenye kurudisha, upande wa pleti wenye springi zilizotokeza unatazama giaboksi. Iweke pleti katikati kwa shafti ya zamani ya giaboksi, la sivyo giaboksi haitaingia hata mkisukuma watu wanne. Boliti za presha pleti kaza kwa kukingamiana, kidogo kidogo, mpaka Nm 19. Grisi kwenye meno ni ya kupaka kidogo tu. Na giaboksi isining'inie kwenye pleti hata dakika moja. Jeki ibaki chini yake mpaka boliti zishike, ama sivyo kitovu cha pleti kinapinda na klachi mpya itagoma kuachia.

Baada ya kurekebisha pedeli tulirudia kipimo cha gia ya tatu. Injini ilizima kabla sijamaliza kuachia mguu. Kilomita 500 za mwanzo sikubeba zaidi ya magunia matatu, ili lini ikae vizuri kwenye chuma. Kisha nikapakia tisa, nikapanda Kitonga nyuma ya semitrela jingine, utingo kioo kakishusha, ananusa njia nzima.